Sungura Wetu Alipohama Nyumba

Watoto, wengi wenu mmefuga sungura, au mmemwona kwa jirani katika kibanda cha mbao nyuma ya nyumba. Mnajua kwamba hula majani mchana kutwa, na kwamba chini ya kibanda chake mavi hujaa kama punje za pilipili manga. Lakini labda hamjamwona sungura anayekaa ndani ya nyumba pamoja na watu, anayelala chini ya kitanda, na anayekwenda mwenyewe kwenye choo chake. Mimi nilikuwa naye mmoja. Nitawaeleza namna nilivyomfundisha, na namna alivyosahau yote siku tulipohama, na mambo yaliyotupata kwa ajili hiyo.

Tulikaa Goma, katika nyumba ya mbao iliyojengwa juu ya mawe meusi ya volkano. Mwaka 2021 nilikuwa darasa la tano. Mwezi wa pili wa mwaka ule baba alinunua sokoni sungura mdogo, wa rangi ya kijivu, mwenye umri wa wiki nane hivi. Tulimwita Majivu. Baba alitaka tumfuge kwa nyama, kama watu wote. Lakini wezi walikuwa wengi mtaani, na mbwa wa usiku pia, basi mama akasema: «Aingie ndani mpaka apate kibanda.» Kila Jumamosi baba alisema atakijenga. Kibanda hakikujengwa.

Siku za kwanza Majivu alitawanya mavi chumba kizima. Lakini nilipofagia niliona jambo moja: mavi yalikuwa kila mahali, ila mkojo ulikuwa mahali pamoja tu, pembeni, nyuma ya bidoni la maji. Nikipangusa, kesho alirudi pale pale. Sikujua sababu. Leo naijua. Sungura wa nyumbani asili yake ni Ulaya, nchi za Hispania na Ureno. Huko porini wanaishi wengi pamoja katika mashimo waliyochimba, nao wana mahali pao pa choo ambapo hurudi siku zote. Tena msimchanganye na yule sungura wa hadithi zetu, anayewadanganya Simba na Fisi. Yule wa porini kwetu hachimbi shimo, na watoto wake huzaliwa wana manyoya na macho wazi. Wa nyumbani huzaa watoto uchi, vipofu, wekundu kama kidole. Tumewapa jina moja, lakini ni ndugu wa mbali.

Basi, mwalimu wa Majivu hakuwa mimi. Alikuja na elimu yake. Kazi yangu ilikuwa kuweka beseni pale alipochagua yeye.

Beseni lilikuwa la mama, la plastiki, lenye ufa. Baba alikata upande mmoja ili ukingo uwe chini na sungura aingie bila kuruka sana. Chini nilitandika karatasi za madaftari ya zamani, juu yake maranda ya mbao, yale maganda mepesi yanayotoka chini ya randa ya seremala. Nilichagua ya mbao isiyonuka. Mbao zenye utomvu wa harufu kali, kama msonobari, zinamdhuru sungura akizivuta siku nyingi. Upande mmoja wa beseni niliweka nyasi kavu, kwa sababu sungura hupenda kula huku anajisaidia. Sisi tunaona ni aibu, yeye anaona ni raha. Mwisho nilichukua maranda kidogo yaliyolowa mkojo wake, nikayaweka katikati. Kila nilipookota mavi sakafuni niliyatupa humo pia, ili harufu imwambie: ni hapa.

Mdogo wangu alitaka kumpiga alipokosea. Mama akamkataza. Sungura aliyepigwa hajui amepigwa kwa nini; anajua tu kwamba wewe ni adui, na kesho atajificha akikuona. Baada ya wiki tatu Majivu alikuwa na adabu kuliko mdogo wangu.

Tarehe 22 mwezi wa tano, siku ya Jumamosi jioni, mlima Nyiragongo ulipasuka. Mbingu yote ikawa nyekundu. Wazee walioona moto wa mwaka 1977 na wa mwaka 2002 hawakungoja kuambiwa. Walibeba magodoro wakaanza kutembea. Moto ulishuka, ukala nyumba nyingi upande wa kaskazini, ukasimama karibu na uwanja wa ndege. Sisi haukutufikia. Lakini siku zilizofuata ardhi ilitetemeka usiku na mchana. Kila ilipotetemeka, Majivu alipiga sakafu kwa mguu wa nyuma, tu! tu!, ndivyo sungura wanavyoambiana kwamba kuna hatari. Nasi tulikuwa tumekwisha kujua.

Tarehe 27 ikatoka amri: watu wa mitaa mingi ya mji waondoke. Mama alifunga vitu katika shuka mbili. Baba alinitazama, akamtazama sungura, akasema: «Tumwache au tumle?» Sikujibu. Nilichukua kitunga cha soko, nikamshika Majivu kwa mikono miwili, mmoja chini ya kifua na mmoja chini ya matako, kwa maana kumwinua kwa masikio ni kumtesa, na nikamtia ndani. Mama akanipa kitenge cha kufunika. Katika haraka ile beseni lilibaki nyuma ya bidoni.

Tulipata nafasi katika boti la kwenda Bukavu. Watu walibanana kama dagaa. Usiku mzima nilikaa nimekipakata kitunga. Mama mmoja aliyeketi karibu yangu aliuliza: «Ni kuku?» Nikasema ndiyo. Niliogopa wakijua ni sungura watacheka, tena watu wenye njaa walikuwa wengi.

Shangazi yangu alikaa Bukavu, upande wa Kadutu, ambako nyumba zimepandana juu ya mlima kama ngazi. Alikuwa mjane, akiuza mboga sokoni. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili, lakini sakafu ya simenti aliisugua mpaka uliweza kuona uso wako. Alitupokea vizuri sana. Alipika bugali na ndakala, akatupa maji ya moto ya kuoga. Kisha nikafungua kitunga.

Akasema: «Ninyi, nyumba hii ni yenu, kaeni hata mwaka. Huyu hapana.» Baba ni mdogo wake, aliinamisha macho akatazama viatu vyake. Mimi nikapiga magoti, nikasema kwamba Majivu ana adabu, anajua choo. Shangazi akafikiri. «Vema,» akasema. «Lakini sikia, mwanangu. Nikikanyaga mavi yake mara tatu, Jumapili inayofuata tunakula sungura.»

Majivu alijitupa chini ya kitanda, akalaza masikio mgongoni, akakaa hivyo siku nzima. Nilimwekea sanduku la karatasi gumu, kwa kuwa beseni halikuwapo. Kila saa nilichungulia. Hakuna mavi sandukuni, hakuna sakafuni. Hata moja! Nilifurahi kama mtu aliyeshinda mtihani.

Jioni nilitoka kuchota maji. Jirani mmoja mzee, aliyefuga sungura wengi katika vibanda, alisikia habari yangu, akaniita.

«Sungura wako amefika salama?»

«Ndiyo, babu. Na hajachafua hata kidogo tangu jana.»

Yule mzee aliacha kutabasamu. «Amekula?»

«Bado.»

«Tangu jana hajala wala hajajisaidia? Mtoto, mavi ndiyo uzima wake.»

Akanieleza. Tumbo la sungura lazima lifanye kazi bila kupumzika. Akiogopa sana, au akikaa bila nyasi, tumbo husimama. Hawezi kutapika. Hewa hujaa ndani, maumivu humzuia kula, na kwa kuwa hali, tumbo huzidi kusimama. Anaweza kufa kwa siku moja au mbili tu. Nilimsikiliza, ndoo yangu ikafurika, sikuona.

Usiku ule sikulala. Mzee alikuwa amenipa nyasi mbichi na kuniambia niwashe taa ndogo tu, nisimfukuze-fukuze, nimsugue tumbo polepole, nimwache aruke akitaka. Majivu hakugusa nyasi. Nilimpa maji kwa kidole, akalamba kidogo. Kisha nikafanya jambo ambalo sikupaswa kulifanya. Kikapu cha shangazi kilikuwa mlangoni, tayari kwa soko la asubuhi. Nilichomoa fungu moja la lengalenga na majani machache ya matembele, nikayaweka mbele ya pua yake. Alinusa. Akageuza kichwa. Nikaegemea ukuta, nikaanza kulia kimya ili mdogo wangu asiamke.

Majogoo ya kwanza nilisikia sauti ndogo chini ya kitanda: kru, kru, kru. Anatafuna! Nilikaa bila kusogea mpaka kulipopambazuka. Shangazi akaamka, akatia miguu katika kandambili zake, akapiga hatua moja, akasimama.

Yalikuwa madogo, makavu, sita au saba, juu ya kandambili ya kushoto. Mimi nikacheka kwa furaha, na machozi yalikuwa bado usoni. Shangazi alidhani nimerukwa na akili.

«Moja,» akasema. Akaenda kuhesabu mafungu ya lengalenga.

Nilimkiri wizi wangu siku ile ile, kwa sababu alijua kuhesabu. Alinituma kubeba kikapu mpaka sokoni siku tatu, tukawa tumelipana.

Sasa Majivu alikula vizuri, ndipo taabu ilipoanza. Alitupa mavi mlangoni, chini ya meza, juu ya godoro letu. Alikojoa pembe mbili tofauti. Alipita akisugua kidevu kwenye miguu ya viti. Mimi niliyemsifu mbele ya shangazi nilishindwa kumtazama mtu usoni. Sungura yule yule, beseni jipya tulilonunua, maranda yale yale, na wiki tatu za mafundisho zimekwenda na maji!

Shangazi alikanyaga mara ya pili siku ya Jumatano. «Mbili.»

Siku ile ile mama aliona sakafuni mkojo mwekundu kama mvinyo, akapiga kelele kwamba mnyama anatoka damu. Nilimbeba Majivu mbio kwa mzee jirani. Yeye hakushtuka. Mkojo wa sungura waweza kuwa mweupe-mweupe, wa manjano, wa kahawia au mwekundu, akasema, kwa sababu ya majani aliyokula. Kama anakojoa kwa shida, au wekundu ukiendelea siku nyingi, hapo ni ugonjwa. Kisha akamgeuza chali magotini pake, akamtazama, akaanza kucheka mpaka akakohoa.

«Nani alikwambia huyu ni dume?»

Hakuna aliyetuambia. Tulidhani tu.

Majivu alikuwa jike, tena wa miezi mitano, ndiyo kusema msichana aliyefika umri wa kuolewa. Mzee alisema kwamba katika umri huo sungura, dume au jike, hupenda sana kutia alama mahali pake, hata yule aliyekuwa na adabu. Mahali pengine waganga wa mifugo huwafunga uzazi, na tabia hiyo hupungua sana. Sisi hatukuwa na mganga wa namna hiyo karibu, wala fedha.

«Lakini kosa kubwa ni lako,» akasema. «Nieleze, kila siku unafanya nini?»

Nilimweleza kwa majivuno. Kila asubuhi nilisugua chumba chote kwa sabuni, beseni nalo nililisugua likanukia kama shati la Jumapili. Maranda yote nilitupa, nikatia mapya. Na kwa kuwa nilimhurumia Majivu kwa safari ndefu, nilimwacha azunguke vyumba vyote viwili kama alivyozoea Goma.

«Kumbe!» mzee akasema. «Kila jioni anaandika barua: choo ni hapa. Kila asubuhi wewe unaifuta. Atasoma nini?»

Tena nyumba ile ilikuwa na harufu za watu wengine. Sungura akiingia mahali pageni hutawanya mavi ili aseme: na mimi nipo, hapa ni pangu. Ukimpa nyumba nzima, anapaswa kutia alama nyumba nzima. Ukimpa pembe moja, kazi yake inakwisha upesi.

Nilirudi nikabadili yote. Nilichukua kreti mbili za soda na ubao mmoja wa shangazi, nikazuia pembe ya chumba, mahali pa urefu wa mkeka. Humo niliweka beseni, nyasi zake, maji, na kitunga cha safari alale ndani, kwa kuwa kilinuka harufu ya kwetu. Maranda machafu sikuyatupa yote. Kila asubuhi niliacha konzi moja. Mahali pengine, pale alipokosea, ndipo niliposafisha kwa nguvu, tena kwa siki, kwa sababu mkojo wa sungura ukikauka huacha ukoko mweupe ambao sabuni haiuwezi. Nilikaa naye ndani ya kizuizi nikisoma masomo yangu, naye alitafuna pindo la daftari la hesabu.

Asubuhi moja niliona juu ya nyasi kishada cha mavi laini, yenye kung'aa, kama zabibu ndogo zilizoshikana. Nikadhani ni kuhara. Siyo. Sungura ana namna mbili za mavi: yale makavu, na haya laini ambayo huyala tena, kwa kawaida akiyapokea kwa kinywa yanapotoka, kwa sababu chakula kimo bado ndani yake. Mdogo wangu aliposikia hivyo alikataa uji wake.

Siku ya tatu mavi yote yalikuwa beseni au kando yake kabisa. Nikasogeza ubao hatua moja. Siku mbili nyingine, hatua nyingine. Alipokosea nilirudisha ubao nyuma, bila maneno.

Hata hivyo, kila jioni alipotoka kuruka kidogo, moja au mbili zilidondoka njiani. Nami nilikuwa na hofu ya neno «tatu». Nilimfuata nyuma kama askari, nikaokota na kutia mfukoni, nikiwaza kuzitupa baadaye. Mara nyingi nilisahau. Jumamosi mama alifua kaputula yangu uani. Alipogeuza mfuko, mavi yakamwagika juu ya jiwe la kufulia, konzi nzima, mbele ya shangazi.

Hakuna aliyesema kitu. Nilitazama mdomo wa shangazi. Kesho ilikuwa Jumapili.

Akainama, akachukua machache, akayaponda kwa vidole, akanusa. «Haya hayanuki,» akasema. «Yamekuwa kama nyasi tu.»

Mzee jirani alikuwa akipita. Akasema kwamba yeye huyatia shambani mwake hivyo hivyo, bila kuyangoja yaoze, wala hayaunguzi mboga kama mavi ya kuku yaliyo mabichi. Shangazi alikusanya yaliyokuwa juu ya jiwe, akayapeleka kwenye debe lake la vitunguu, akayafukia kwa kidole, moja moja.

Nikauliza kwa sauti ndogo: «Shangazi, ni tatu?»

«Nilisema nikikanyaga,» akajibu. «Nimekanyaga?»

Tangu siku ile ndiye aliyemwaga beseni. Akiamka aliuliza: «Bibi Majivu ametoa nini leo?» Yakiwa mengi alifurahi. Nami nilifurahi zaidi yake, lakini kwa sababu nyingine.

Mwezi wa sita watu waliruhusiwa kurudi Goma. Nyumba yetu ilisimama, lakini sakafu na msingi ulipasuka kwa tetemeko, na baba akapanga nyumba nyingine, mtaa mwingine. Safari hii sikuacha kitu. Kabla ya kulifunga beseni nilijaza mfuko wa plastiki maranda yaliyolowa. Mama alisema nikae mbali naye katika boti. Katika nyumba mpya nilianza na pembe moja na ubao, na yale maranda nikayaweka juu ya mapya. Majivu aliyanusa kwa muda mrefu. Alitawanya mavi kidogo siku mbili, siku ya nne akawa ametulia.

Mwisho wa mwaka alipelekwa kwa dume la jirani. Siku thelathini na moja baadaye, alfajiri, nilimkuta amejing'oa manyoya ya kifua na kuyatandika katika kitunga kile cha soko, na ndani yake watoto sita. Baba aliposikia alisema kwamba sasa kibanda ni lazima, atakijenga Jumamosi.

Walipofika miezi miwili, mmoja, jike wa kijivu, tulimpelekea shangazi Bukavu. Nilisafiri naye mwenyewe, nikiwa na mfuko wa plastiki umefungwa mafundo mawili. Nilidhani nitahitaji kumweleza shangazi kuna nini ndani. Alifungua fundo la kwanza, akanusa, akaenda moja kwa moja kwenye pembe ya chumba. Zile kreti mbili zilikuwa bado pale.